"Crumbs" kwa mara ya tatu: gharama halisi ya filme moja ukiwa Vitshumbi

Filme iitwayo "Crumbs" ina dakika 68 tu, lakini anayeitazama mara moja huondoka na nusu yake. Filme ya mapigano ukishailipia, ukacheka na kushangilia, umemalizana nayo. Hii ya mapenzi, vichekesho na chombo cha angani hukurudisha, kwa sababu kuna kitu kidogo kilichokupita pembeni mwa picha, au sentensi iliyosikika kama mzaha na kumbe ilikuwa kilio. Kwa hiyo ninapolinganisha njia za kuipata hapa kwetu Kivu Kaskazini, siulizi itanigharimu nini leo jioni. Nauliza itakuwa imenigharimu nini nitakapoitazama kwa mara ya tatu.

Kwa asiyeijua: aliyeitengeneza ni Miguel Llansó, Mhispania aliyefanya kazi Addis Ababa, na ilionyeshwa kwanza kwenye tamasha la Rotterdam mwaka 2015. Inatupeleka Ethiopia baada ya dunia tunayoijua kuporomoka. Candy, anayeigizwa na Daniel Tadesse Gagano, ni mwanamume mwenye umbo dogo anayeokota mabaki ya zamani. Anaishi na mpenzi wake Birdy, yaani Selam Tesfaye, ndani ya jumba la mchezo wa bowling lililoachwa. Juu yao, angani, kimening'inia chombo kikubwa chenye kutu ambacho watu wamekizoea kama tunavyozoea mlima. Siku moja kinaanza kuonyesha dalili za uhai. Candy anaamini kwamba kwao ni huko juu, naye anafunga safari kutafuta njia ya kupanda na mpenzi wake. Njiani anakutana na mchawi, anamtafuta Baba Krismasi, na anaingia katika duka la vitu vya kale ambamo mwanasesere wa plastiki na sahani ya santuri ya Michael Jackson vinapimwa thamani kwa unyenyekevu mkubwa, kana kwamba ni mali ya wafalme. Waigizaji hawakonyezi jicho hata mara moja. Ndiyo maana unacheka, na ndiyo maana mapenzi ya wale wawili yanakugusa.

Naiandikia Vitshumbi kwa sababu naamini filme hii ina watu wake pale. Kijiji kiko ufukweni kusini mwa Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga iliyoanzishwa mwaka 1925, na wavuvi wake wanajua kuishi pembeni mwa mambo makubwa yasiyowauliza maoni: hifadhi, barabara inayofungwa na kufunguliwa, na vita vilivyoingia kijijini kwao Machi 2024. Mtu anayeendelea kupenda na kupika huku jambo kubwa lisiloeleweka likining'inia juu ya paa lake hahitaji kuelezewa sana pale.

Sasa gharama. Nitaepuka kuzitaja kwa faranga, kwa sababu bei ya Vitshumbi hufuata kiwango cha dola na hali ya barabara ya Goma, na ninachoandika leo kitakuwa uongo mwezi ujao. Nitapima kwa mega, kwa umeme na kwa muda. Bei ya vitu hivyo kijijini kwako unaijua wewe kuliko mimi.

Njia inayowajia wengi kwanza ni kuitazama moja kwa moja kwenye intaneti. Picha ya kiwango cha chini kinachotazamika kwenye simu hula takriban megabiti 1 kwa sekunde. Dakika 68 ni sekunde 4,080, kwa hiyo filme nzima inakula kama mega 510. Ukipandisha kiwango ili uitazame kwenye televisheni, tuseme megabiti 2.5 kwa sekunde, unafika mega 1,275. Mara tatu ni karibu mega 3,800, na hapo sijahesabu mtandao unaokatika katikati na kukulazimisha kurudia kipande. Juu yake kuna ada ya kukodi, ambayo kwa filme za namna hii huwa dola chache kwa siku mbili au tatu za kutazama, halafu mlango unafungwa. Majukwaa mengi pia yanadai kadi ya benki, na tangu benki za Goma zilipofunga milango mwishoni mwa Januari 2025 hilo limekuwa ukuta hata kwa mwenye pesa zake. Starlink ilipata kibali cha kufanya kazi Congo mwaka 2025, nayo inapunguza tatizo la mega kwa anayemudu kununua kifaa na kulipa kila mwezi. Kwa filme moja, hata filme ninayoipenda hivi, sitamshauri mtu aingie gharama hiyo. Wakiungana watu kumi wenye kazi nyingine za mtandao, hapo ni mazungumzo tofauti.

Televisheni ya setilaiti naipita haraka. Unalipa mwezi mzima na huwezi kuagiza filme unayoitaka, na ya Kiamhari yenye mwendo wa polepole haipangwi jioni watu wanaposubiri mpira.

Diski ina heshima yake. DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, nafasi tele kwa dakika 68 za picha safi. Ukishainunua haidai mega wala nenosiri, na mara ya tatu ni bure kama mara ya kumi. Lakini angalia mambo mawili kabla ya kumwagiza ndugu aliye ng'ambo. La kwanza ni eneo la diski: Marekani ni eneo la 1, na Congo, kama sehemu kubwa ya Afrika, iko eneo la 5. Mashine iliyofungiwa eneo itaikataa diski ya Marekani. Deki nyingi za bei nafuu zinazouzwa sokoni zinasoma kila eneo, lakini usikubali neno la muuzaji; mwombe aijaribu na diski ya kigeni mbele yako. La pili ni safari. Posta haitakufikishia Vitshumbi. Diski itakuja kwa mkono wa msafiri kupitia Kampala au Kigali, ivuke mpaka, isubiri Goma, kisha ipate gari. Kwa kawaida diski mpya ni kama dola 15 hadi 25 kabla ya usafirishaji, na usafirishaji unaweza kuipita bei ya diski yenyewe. Tena hewa ya ziwani na vumbi la kijiji havina huruma na uso wa diski.

Kisha kuna nakala ya mezani, ile unayonakiliwa kwenye flashi na kijana mwenye kompyuta. Ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo iliyotulea wengi wetu kisinema, sitakana. Kwa "Crumbs" ina kasoro kubwa: mara chache utaikuta, kwa sababu mezani hunakiliwa kinachoulizwa na watu wengi. Ukiikuta, mara nyingi maandishi ya tafsiri yamegandishwa kwenye picha kwa lugha usiyoitaka. Na pesa yako haifiki kwa Llansó wala kwa Selam Tesfaye. Sheria ya Congo ya mwaka 1986 inalinda haki za mtunzi, lakini hata kama isingekuwapo ningesema hivyohivyo. Filme kubwa ya Hollywood haitakufa kwa nakala ya Vitshumbi. Filme ndogo ya Ethiopia inaweza kukosa mwenzake wa kuifuata.

Ninayoipendekeza ni faili iliyonunuliwa mara moja na kupakuliwa. Hapa neno "kununua" lichunguzwe. Majukwaa mengi makubwa yanapokuuzia filme yanakupa ruhusa ya kuitazama ndani ya programu yao tu, na programu hiyo itataka mtandao ili ikutambue. Kwingine, kama kwenye Vimeo On Demand, mtengenezaji mwenyewe anaweza kuamua kwamba mnunuzi apakue faili na kuiweka popote. Soma kama ruhusa ya kupakua ipo, na kama malipo yanakubaliwa kutoka Congo, kabla ya kubonyeza. Usipoipata filme kwa njia hiyo, mwandikie msambazaji umuulize. Barua pepe haili mega nyingi. Ikipatikana, pakua ukiwa Goma au Kiwanja ambako mtandao ni imara zaidi, na usubiri usiku. Kwa kiwango cha chini ni mega zilezile 510, ila unazilipa mara moja tu. Kadi ya kumbukumbu ya gigabaiti 8, ndogo kuliko ukucha, ingetosha nakala kumi na tano za faili hiyo. Inasafiri mfukoni hadi ziwani bila kuogopa mkwaruzo.

Lakini sababu yangu kubwa ni lugha. "Crumbs" inazungumza Kiamhari, na tafsiri utakayoikuta huenda ikawa ya Kiingereza au Kifaransa. Kwenye mtandao unakubali ulichopewa. Kwenye DVD maandishi yamefungwa ndani ya diski. Faili iliyo huru hukubali maandishi ya pembeni, yaani faili nyingine ndogo ya maneno na saa zake, ambayo kwa filme nzima mara nyingi haifiki kilobaiti 100. Mwalimu yeyote wa sekondari anayejua Kifaransa na kuandika kwenye kompyuta anaweza kuyaweka kwa Kiswahili, na programu ya VLC ikayaonyesha bila malipo yoyote. Filme hii haina maneno mengi. Watu wake hutembea na kutazama zaidi ya kusema. Ni kazi ya jioni kadhaa, na ni gharama pekee katika orodha hii inayomnufaisha mama mvuvi ambaye hakusoma Kifaransa. Njia nyingine zote zinamwacha nje, hata zikiwa za bure.

Kwa upande wa umeme, simu ndiyo mshindi. Betri ya miliampia 5,000 inahifadhi takriban wati-saa 19, na dakika 68 za video zitakula sehemu ndogo tu ya hiyo. Televisheni ya LED ya inchi 24 pamoja na deki ni kama wati 35, kwa hiyo filme nzima ni wati-saa 40. Paneli ya sola ya wati 50 ikipata saa nne za jua zuri inaweza kutoa hadi wati-saa 200, na hata baada ya upotevu wa betri inakubeba bila wasiwasi. Jenereta ndogo ya petroli haijali kwamba televisheni yako inahitaji wati 35 tu. Inachoma mafuta ili ijizungushe yenyewe, huenda nusu lita au zaidi kwa filme moja. Usiiwashe kwa ajili ya familia moja. Mkazi wa Goma aliyeunganishwa na umeme wa kituo cha Matebe haoni hesabu hii. Wa Vitshumbi anaishi nayo.

Jenereta inapata maana watu wakiwa wengi, na hapo ndipo chumba cha video, yaani ukumbi wa kutazamia pamoja, kinaponirejeshea matumaini. Afrika Mashariki imezoea mtu anayekaa mbele ya skrini akiitafsiri na kuipamba filme. Dar es Salaam ilikuwa na Lufufu, Kenya ina DJ Afro, na Uganda ina VJ Emmie, ambaye sauti yake juu ya "Who Killed Captain Alex?" ya mwaka 2010 imekuwa sehemu ya filme yenyewe. Mtafsiri mzuri wa Vitshumbi angeweza kumfanya Candy aongee kama mtu wa kule kijijini. Ila hawezi kufanya hivyo kwa filme aliyoiona mara moja. Lazima naye awe na faili na aitazame tena na tena kabla ya kukaa mbele ya watu. Onyesho la hadharani linahitaji pia idhini ya mwenye filme, ambayo mnunuzi wa nyumbani hapewi. Iombe katika barua ileile ya kumuuliza msambazaji. Na lipangwe alasiri, kwa sababu viboko hupanda kutoka ziwani usiku na kupita katikati ya nyumba, na hakuna tiketi nafuu kama kurudi nyumbani kwa giza ni hatari.

Kwa hiyo mwenye simu tu anunue faili, na kikundi chenye sola kinunue faili hiyohiyo kikiongeza kazi ya tafsiri. Diski namwachia mwenye ndugu anayekuja hata hivyo. Nafasi itakayobaki kwenye kadi ningeiwekea "Neptune Frost" ya mwaka 2021, ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda: mchimbaji wa koltani, mdukuzi, na mapenzi yao kati ya mitambo iliyotupwa. Kwa watu wanaoishi mkoa mmoja na machimbo ya Rubaya haina umbali wowote, na maandishi yake yatahitaji kazi ndogo zaidi, kwa kuwa sehemu ya maneno yake tayari ni Kiswahili.