Dhoruba Hula Nini?

Kimbunga kama Idai, kilichoipiga Beira mwezi Machi 2019, huishi kwa bahari yenye joto: maji ya nyuzijoto 26 au zaidi, mvuke tele, na upepo wa juu usiokivuruga. Dhoruba za latitudo za kati, zile zinazowasumbua watu wa Boston na Halifax majira ya baridi, zina chakula kingine. Zinakula tofauti ya joto. Hewa baridi ikikutana na ya moto, ile baridi hupenya chini na ya moto hupanda, na katika kupishana huko upepo hupata nguvu. Wanasayansi wa hali ya hewa Jule Charney mwaka 1947 na Eric Eady mwaka 1949, kila mmoja kwa hesabu zake, walionyesha kwamba tofauti ikizidi, dhoruba hukua upesi zaidi.

Hapo ndipo penye fumbo. Dhoruba hupita ikichanganya hewa, na tofauti iliyoizaa hupungua. Kwa mantiki hiyo, moja kubwa ingeziachia njaa zinazofuata. Lakini mashariki mwa Amerika Kaskazini dhoruba hufuatana msimu mzima, karibu katika njia ileile. Nani huirudisha tofauti hiyo?

Jibu liko baharini. Mkondo wa Gulf Stream huipanda pwani kutoka Florida hadi Cape Hatteras, kisha huiacha na kuelekea bahari kuu. Kaskazini yake yapo maji baridi yanayoshuka kutoka Labrador. Wakati wa baridi, joto la uso wa bahari huweza kubadilika kwa nyuzi 10 ndani ya kilomita 100. Upepo mkavu wa Kanada ukivuka mpaka huo, upande wa kaskazini huambulia joto dogo. Upande wa kusini, siku za baridi kali, bahari huweza kumwaga angani zaidi ya wati 1000 kwa kila mita ya mraba, kiasi kinacholingana na jua la utosini pasipo wingu. Kwa hiyo dhoruba ikishasawazisha hewa, bahari huitenganisha tena, na mkondo haukomi kuleta joto jipya kutoka tropiki.

Mwaka 1980 Frederick Sanders na John Gyakum walichunguza dhoruba walizoziita mabomu, ambazo mgandamizo wa hewa katikati yake huporomoka kwa takriban milibari 24 ndani ya saa 24. Nyingi zilikuwa karibu na Gulf Stream, au na mkondo wa Kuroshio wa Japani. Binafsi, ramani ya dhoruba hizo peke yake isingenishawishi, maana bara lenye baridi nalo liko palepale. Ushahidi wa mwaka 2008 ni mzito zaidi: Shoshiro Minobe na wenzake walionyesha ukanda wa mvua unaoufuata Gulf Stream, hewa ikipanda juu sana. Walipoulainisha mpaka wa joto ndani ya modeli ya kompyuta, ukanda ule ukapotea.

Tena kuna kusini mwa Bahari ya Hindi. Maji yanayopita mlango wa Msumbiji huchangia mkondo wa Agulhas, ambao hugeuka kusini mwa Afrika na kurudi mashariki, karibu na latitudo 40, ukipakana na maji baridi ya kusini. Juu ya mpaka huo na mashariki yake hupita dhoruba kali kuliko sehemu nyingi za kizio cha kusini, na upande wa magharibi hakuna bara la baridi la kuzisukuma.