Daftari la Ubatizo na Programu za Kompyuta: Nani Ajue Nini?

Tuchukue mfano. Kijana alibatizwa Ujiji mwaka 1998. Alikua akivua dagaa na wajomba zake, kisha akapanda treni kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Huko akafunga ndoa kanisani. Miaka ikapita, akarudi Kigoma, na siku moja akafika ofisini kwa katibu wa parokia aliyobatizwa. Anaomba cheti cha ubatizo kwa sababu anataka kuoa. Katibu anafungua daftari. Jina lipo, wazazi wapo, msimamizi yupo, tarehe ipo. Mahali pa kuandika ndoa hapana kitu. Je, kijana huyu yuko huru kuoa?

Kwa katibu, jibu linategemea taarifa moja: kama parokia ya Dar es Salaam ilituma habari ya ndoa ile Ujiji, na kama ilipofika iliandikwa. Taarifa hiyo ikipotea, kuna mke, na pengine watoto, ambao haki yao imepotea pamoja nayo.

Siku hizi waamini wenye ujuzi wa kompyuta wanazishauri parokia zitumie programu za kutunza mahusiano na wateja, ambazo mafundi huziita CRM. Ziko za biashara, kama Salesforce iliyoanza mwaka 1999. Ziko pia za vyama na taasisi zisizotafuta faida, kama CiviCRM, ambayo msimbo wake uko wazi na haina malipo ya leseni. Kazi yake ni kumwekea kila mtu ukurasa mmoja: jina, simu, alichoomba, alichoahidiwa. Kisha ukurasa huo huunganishwa na barua pepe, kalenda, lahajedwali na ujumbe mfupi wa simu, ili katibu asiandike jambo lile lile mara tatu.

Je, jambo hili linatuhusu? Linatuhusu, tena kwa Kanisa si geni.

Tulikotoka

Wamisionari wa Afrika walifika Ujiji mwezi Januari 1879. Mkuu wao, Lavigerie, aliagiza kila kituo kiandike kitabu cha matukio ya kila siku, na wakatekumeni wafundishwe miaka minne kabla ya ubatizo. Kumfuatilia mtu miaka minne ni kazi ngumu bila kuandika alikoanza na alikofikia.

Sheria ya Kanisa ya leo inaendelea hivyo hivyo. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia iwe na vitabu vya wabatizwa, vya ndoa na vya marehemu. Inaagiza pia kwamba katika kitabu cha ubatizo yaandikwe kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima. Kanuni ya 1122 inasema ndoa ikifungwa nje ya parokia ya ubatizo, habari yake ipelekwe huko mapema iwezekanavyo.

Tazama vizuri: mtu mmoja, ukurasa mmoja, na taarifa zinazorudi kwenye ukurasa huo kutoka popote alipo. Kuunganisha programu ni jambo hilo hilo, ila taarifa inakwenda kwa sekunde badala ya kusafiri na bahasha.

Namna inavyofanya kazi

Programu mbili haziongei zenyewe. Kila moja huwa na mlango wa kupokea maombi kutoka programu nyingine, nao huitwa API. Ufananishe na dirisha la ofisi ya parokia. Anayeuliza hasimami ndani ya chumba cha kumbukumbu akipekua madaftari. Anasimama dirishani, anaonyesha kwamba ana ruhusa, anauliza swali linaloruhusiwa, anapewa jibu la swali hilo tu. Ruhusa yake ni ufunguo, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu.

Ili dirisha litoe jibu sahihi, kwanza kila mtu awe na namba yake. Majina hayatoshi. Akina Yohana na Maria ni wengi, na Yusufu wa daftari moja ni Joseph wa daftari jingine. Namba tunayo tayari: parokia, mwaka, na namba ya ubatizo. Tusibuni nyingine.

Pili, mfumo uvumilie mtandao kukatika. Vijiji vingi vya mwambao wa Ziwa Tanganyika hufikiwa kwa boti, na simu hupata mtandao hapa na kuukosa pale. Taarifa iliyoshindwa kwenda isitupwe. Ikae kwenye foleni ijaribu tena, na parokia inayopokea irudishe jibu kwamba imeipata. Na ikifika mara mbili, isiandikwe mara mbili: mfumo utambue kwamba ni ndoa ile ile.

Tatu, mafundi wafanye kazi kwa utaratibu. Vijana wanaoandika programu hutumia GitHub, mahali pa kutunza msimbo, kuona nani kabadilisha nini, na kuorodhesha kasoro za kurekebisha. Huko pana hatari mbili za kuepuka: kuweka funguo za mfumo, na kuweka majina ya waamini kwa ajili ya majaribio. Anayekosea akafuta faili asidhani yamekwisha, kwa kuwa historia ya msimbo hubaki na kile alichofuta. Ufunguo ulioonekana ubatilishwe na utolewe mwingine. Majaribio yafanywe kwa majina ya kubuni.

Swali lililo kubwa zaidi

Hapa ndipo tunapopaswa kuwa macho. Programu hizi nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya mauzo, na muuzaji anataka kujua mteja yupi analeta fedha nyingi. Sasa fikiri mama wa jumuiya amefiwa na mumewe, amekuja kuomba padre wa maziko. Katibu anaandika jina lake, na kwenye kioo, kabla ya jambo lolote, linatokea deni la zaka la miaka miwili. Hakuna aliyekusudia ubaya. Fundi ameunganisha tu lahajedwali la michango na ukurasa wa waamini kwa sababu inawezekana. Lakini mama huyo sasa atapokelewa kwa jicho jingine.

Kwa hiyo kuunganisha programu ni kuamua nani ajue nini, na lini. Habari ya ndoa ni lazima isafiri, kwa sababu isiposafiri mtu anaumia. Habari ya mchango wa mjane haina sababu ya kufika dirishani siku ya msiba. Na yale yaliyosemwa katika kitubio hayana mahali pa kuandikwa kabisa, si kwenye kompyuta wala kwenye karatasi.

Sheria ya nchi nayo inadai uangalifu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahesabu taarifa zinazoonyesha imani ya dini ya mtu kuwa taarifa nyeti, pamoja na taarifa za watoto. Daftari la ubatizo lina zote mbili.

Tuanzie wapi?

Parokia isianze kwa kuunganisha kila kitu. Ianze na jambo moja: taarifa ya ndoa kwenda parokia ya ubatizo, na jibu la kupokelewa. Kalenda ya Misa na ujumbe wa mikutano ya jumuiya vinaweza kufuata. Michango ikae peke yake, na aione mwenye kazi hiyo tu.

Daftari la karatasi libaki. Kioo hakitii sahihi wala hakigongi muhuri, na cheti kinahitaji vyote viwili. Taarifa ikiingia kwenye kompyuta, katibu aiandike siku hiyo hiyo daftarini kwa mkono, paroko aikague.

Mseminari anayesoma haya huenda atakuwa paroko siku moja, na fundi atamjia akisema, “Padre, tunaweza kuunganisha hiki na kile.” Amuulize: taarifa hii ikifika huko itamsaidia nani, na itamuumiza nani? Yule kijana wa Ujiji na mkewe aliyeko Dar es Salaam wanalitegemea jibu hilo, hata kama hawajawahi kusikia neno CRM.