Darasa la Bure la Waandishi wa Habari na Safari Yake Hadi Maniema ya Kusini

Elimu ya uandishi wa habari, ambayo kwa muda mrefu ilifungwa ndani ya vyuo vya miji mikubwa, imeenea kupitia intaneti katika miongo miwili iliyopita, na sehemu yake kubwa hutolewa bila ada. Nchini Kongo, chuo cha taifa cha fani hiyo kilianzishwa Kinshasa mwaka 1973, mbali mno na mtangazaji wa Kasongo au Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, mashariki mwa nchi, ambaye nauli na karo humshinda hata kabla hajafikiria nani atashika kipaza sauti chake akiwa masomoni. Kwa mtu huyo, kukua kwa darasa la mtandaoni ni jambo la thamani kubwa, lakini kipimo chake cha haki si wingi wa masomo yaliyoandikwa, bali ni iwapo somo linamfikia na kumfaa kazini.

Ukuaji wenyewe umekuwa wa kasi. Mwaka 2002 mwanahabari wa Brazili, Rosental Calmon Alves, aliasisi Kituo cha Knight cha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, na kuanzia mwaka 2012 kituo hicho kikatoa kozi huria za halaiki, yaani kozi za mtandaoni zinazopokea maelfu ya wanafunzi kwa pamoja. David Brewer, aliyewahi kuwa mhariri wa BBC, alianzisha tovuti ya mafunzo ya Media Helping Media mwaka 2005, akiwalenga hasa waandishi wa nchi zinazotoka vitani au zinazojenga demokrasia. Korona ilipoenea mwaka 2020, Kituo cha Knight na UNESCO walitoa kozi ya kuripoti janga hilo, ambayo ilianza kwa Kiingereza, Kihispania, Kireno na Kifaransa, na ikavuta maelfu ya waandishi kutoka nchi zaidi ya 150.

Mahitaji ya Maniema ya kusini yanaonyesha kwa nini elimu hiyo si anasa. Huko habari nyingi husambazwa na redio za jamii, yaani redio ndogo zinazomilikiwa na kuendeshwa kwa manufaa ya wakazi wa eneo, kama vile Sauti ya Mkaaji ya Kasongo. Katika wilaya jirani ya Kabambare, eneo la Salamabila, lenye mgodi wa dhahabu wa Namoya, limesumbuliwa kwa miaka mingi na makundi yenye silaha, na uvumi wa shambulio unaweza kuhamisha kijiji kizima usiku mmoja.

Picha ya nyumba zinazoungua inapoingia kwenye simu ikidaiwa kuwa ya Salamabila, somo la uhakiki humfundisha mtangazaji kutorusha hewani maelezo yake papo hapo. Humwelekeza kuitafuta picha hiyo mtandaoni ili aone kama iliwahi kutumika kwingine, kulinganisha paa, miti na maandishi ya vibao na mahali panapotajwa, kisha kuwapigia simu watu wawili walioko huko ambao hawakupata habari kutoka kwa mtu mmoja. Hatua ya mwisho haihitaji intaneti, nayo ndiyo mara nyingi huamua ukweli.

Hata hivyo, somo lisilo na ada bado lina gharama. Kutazama video kunamaliza mega, jina wanaloviita vifurushi vya data nchini humo. Betri ya simu husubiri jua au jenereta. Na Kifaransa cha darasani hakimfikii kila anayetangaza kwa Kiswahili, ingawa katiba ya mwaka 2006 inakitambua Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hapa ndipo leseni huria, yaani idhini ya mwenye kazi kwa wengine kuinakili na kuitafsiri kwa masharti aliyoyataja, inapokuwa na nguvu. Kitabu cha UNESCO cha mwaka 2018 kuhusu habari za uongo kilitolewa kwa leseni ya namna hiyo, hivyo mkufunzi aliyeko Kindu, makao makuu ya mkoa, anaweza kupakua sura moja, kuitafsiri, kuirekodi kwa sauti na kuituma kusini ndani ya kadi ya kumbukumbu, ikasikilizwa bila mtandao wowote.

Kinachobaki ni mazoezi, kwa kuwa ufundi wa habari hukomaa kwa kusahihishwa. Radio Okapi, iliyoanzishwa mwaka 2002 na ujumbe wa Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, ililea kizazi cha watangazaji wa Kongo kwa kuwaweka kazini chini ya wahariri wazoefu. Kwa hiyo wafadhili wanaojivunia idadi ya vyeti vya mtandaoni wangefanya vyema zaidi kugharamia tafsiri za Kiswahili, paneli za sola za vituo vidogo na muda wa mhariri mmoja wa kusikiliza taarifa za wanafunzi kabla hazijaenda hewani, kwa sababu wanaolipia kosa la mtangazaji asiyefunzwa ni wakazi wa Kasongo na Kabambare wenyewe.