Hamu ya ukili ilivyokwenda, na ilivyorudi

Ukili, ule mkanda wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, hauachwi siku moja. Msukaji huuweka chini leo kwa sababu kuna mgonjwa wa kuuguza, kesho kwa sababu ukindu umekwisha na muuzaji hajapita, keshokutwa kwa sababu skuli zinafunguliwa na sare ya mtoto haijashonwa. Ukili huviringishwa, hufungwa kwa chane moja, hutundikwa kwenye boriti. Siku zinapita, vumbi la makuti linaudondokea. Kisha siku moja mwenyewe anauangalia na hauoni tena ule mkeka uliokuwa akilini mwake alipoanza. Anaona kazi tu.

Nimeyaona haya kwa mama zangu wadogo, kwa majirani na kwangu mwenyewe. Sisi tuliokulia vijijini Pemba tulijua kusuka kabla ya kujua kusoma. Watu wazima walitupa mabaki ya chane, nasi tukasuka pete, bangili na viukili vyembamba vya kuchezea. Baadaye tukaaminiwa na ukili mweupe, kisha ukili wa rangi. Halafu wengi wetu tukahamia mjini, na vidole vikapata shughuli nyingine.

Wanaosema kusuka ni kupoteza muda hawajaifuata kazi hii kuanzia mtini. Mkindu humea penye unyevu: kandokando ya mito, mabondeni, pembezoni mwa vinamasi. Makuti yanayofaa ni machanga, yale ya katikati ambayo hayajafunguka, na kuyafikia lazima upite kwenye miiba mirefu iliyopangana kwenye kikonyo cha kila kuti. Hukatwa, huchambuliwa, huanikwa juani mpaka kijani kipauke na ukindu uwe mweupe. Mvua ikiunyeshea kabla haujakauka hupata madoa, na ukindu wenye madoa hautakati tena. Baada ya hapo huchanwa. Kila jani hugawanywa kuwa chane za upana mmoja, na mwenye mkono mzuri hapimi kwa kitu chochote zaidi ya ukucha wake. Chane za rangi huchemshwa katika sufuria kuukuu pamoja na rangi ya unga, zambarau, kijani, nyekundu au manjano, kisha huanikwa upya. Mpaka hapo msukaji hajasuka hata shibiri moja.

Kusuka kwenyewe huanza kwa kulowanisha, kwa sababu chane kavu huvunjika inapokunjwa. Idadi ya chane ndiyo inayoamua upana wa ukili. Mkono mmoja unabana, mwingine unapitisha: chane inakwenda juu ya wenzake, inazama chini yao, inafika ukingoni, inakunjwa na kurudi. Inapokaribia kuisha, mpya huchomekwa chini yake, zote mbili zikaenda pamoja hatua chache, kisha ile ya zamani huachwa nje. Ndiyo maana ukili unapotoka mkononi huwa na ncha zilizochomoza, na ncha hizo hukatwa kwa kisu moja baada ya nyingine. Ukinunua mkeka, ugeuze. Upande wa chini ndio unaosema kama aliyeusuka alikuwa na haraka au alikuwa na nafasi yake.

Ukili hupimwa kwa pima, yaani mikono miwili iliyonyooshwa, na mkeka wa kitanda unakula pima nyingi. Hizo hupangwa ubavu kwa ubavu na kushonwa, rangi ikikutana na rangi, bila ya kuvuta mno wala kulegeza mno. Kijijini mshonaji mara nyingi alikuwa mtu mwingine kabisa. Kila mtu alijua nani ana mkono wa kusuka na nani ana mkono wa kushona, na mkeka mmoja ungeweza kupita katika nyumba tatu kabla ya kutandikwa.

Hapo ndipo ulipokuwa utamu wa kazi hii. Baada ya sala ya adhuhuri, vyombo vikishaoshwa, wanawake walitoka barazani au walikusanyika uani, kila mmoja na ukili wake. Vidole vilijua njia, kwa hiyo macho na midomo ilikuwa huru. Palizungumzwa nani ameposwa, nani amejifungua, karafuu za nani zimeanikwa na mvua ikazikuta. Mtoto alifunzwa adabu hapo hapo, na ugomvi wa wake wenza ulisuluhishwa hapo hapo. Wengine hawakuuacha hata njiani: ungemwona mtu anakwenda kumjulia hali mgonjwa kijiji cha pili, ukili umening'inia kwapani, vidole vinakwenda kama miguu.

Na kila kilichosukwa kilikuwa na mwenyewe tangu chane ya kwanza. Huu mkeka wa bi harusi. Huu msala wa baba. Hili kawa la kufunikia chakula, hiki kipepeo cha jikoni, hili jamvi la kutandika penye msiba, hiki kikapu cha mama cha kwendea sokoni. Aliyesuka alimjua atakayekalia, na aliyekalia alijua nani wa kumwombea dua.

Mambo yalianza kubadilika pale biashara ilipofunguliwa nchini. Baada ya Mzee Ali Hassan Mwinyi kuingia Ikulu mwaka 1985, bidhaa za nje zilijaa madukani, na miongoni mwake, mwaka hadi mwaka, ikaongezeka mikeka ya plastiki. Siwalaumu walioinunua. Mkeka wa plastiki huoshwa kwa ndoo moja ya maji, hukauka upesi, hauna chane ya kukuchoma mguu na bei yake haimsumbui mtu. Misikitini majamvi yaliondoka, yakaja mazulia. Kikapu kilibaki nyumbani, watu wakaenda sokoni mikono mitupu wakijua watapewa mfuko wa plastiki, rambo, kila kibanda. La kheri pia lilitokea: wasichana wengi zaidi walikwenda skuli, na aliye darasani saa za mchana hawezi kuwa barazani. Hilo sitalilalamikia kamwe.

Lakini plastiki ilichukua soko tu. Hamu iliondolewa na kitu kingine, na nakisema hiki nikijua si wote watakaokubaliana nami: iliondolewa pale kazi iliporudi ikiwa oda. Katika kijiji ninachokifahamu, mfanyabiashara mmoja alikiletea kikundi cha wanawake kazi ya vikapu. Vyote kipimo kimoja, rangi mbili, kwa mfano mmoja aliokuja nao. Malipo baada ya kukabidhi. Kwa kuwa kila mmoja alikuwa na idadi yake ya kutimiza, walisuka kila mtu kwake, usiku, baada ya kazi za shamba. Siku ya kukabidhi alivichambua uwanjani, na vingi akavirudisha kwa sababu zambarau ya huyu ilikoza kuliko zambarau ya yule. Waliorudishiwa ni wanawake waliosuka tangu utotoni. Hawakugombana naye. Walivibeba vikapu vyao wakarudi majumbani, na kwa miezi mingi hakuna aliyeshika ukindu.

Si vibaya kusuka kwa ajili ya kuuza. Mikeka imesomesha watoto, imelipia matibabu na imeezeka nyumba. Ubaya uko katika bei isiyohesabu siku za kukata, kuanika, kuchana na kuchemsha, na katika kumnyima msukaji uamuzi. Msukaji hufurahia anapofika mahali akajiuliza: hapa niweke kijani, au niache nyeupe ipumue? Ukimwondolea swali hilo umemwachia maumivu ya mgongo peke yake.

Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Ghafla kikapu kikawa na kazi tena. Ni kweli kwamba mifuko mbadala ya bei nafuu ilichukua sehemu kubwa ya nafasi ile, lakini mlango ulikuwa umefunguka. Leo vikapu vya ukindu vinaonekana mabegani mwa wasichana wa vyuo, na vile vya Iringa, vinavyofumwa kwa milulu, vimetundikwa ukutani katika nyumba ambazo miaka ya nyuma zingeona haya kuvionyesha.

Majirani zetu Warwanda walikwenda mbali zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wanawake waliofiwa na wanawake ambao waume zao walikuwa magerezani kwa mauaji yale yale walikaa pamoja wakifuma agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka. Kikapu hicho kimo katika nembo ya taifa la Rwanda, na tangu mwaka 2005 vikapu vyao viliuzwa katika maduka ya Macy's huko Marekani. Soko lile liliwafaa sana. Hata hivyo, kinachonigusa mimi ni ule mkao: watu wasioweza kutazamana machoni wanaweza kuanza kwa kutazama kazi iliyo mikononi mwao.

Mimi hamu ilinirudia kwa jambo dogo. Mtoto wa dada yangu alikaribia kujifungua, nikataka kichanga kilale juu ya kitu nilichokisuka mimi. Nilinunua ukindu sokoni, nikakaa nao uani katika nyumba ya kupanga Dar es Salaam. Siku za mwanzo vidole vilikuwa vizito na nilitamani kuacha. Kilichoniokoa ni jirani mtu wa Rufiji, aliyepita na ndoo ya maji, akasimama, akaishika ncha ya ukili wangu.

"Legeza mkono, dada," akaniambia. "Ukili haukimbii."

Akaweka ndoo chini, akavuta kigoda. Huko kwao Rufiji husuka mikeka yenye rangi nyingi kuliko yetu, na mpangilio wake sikuujua. Alinionyesha, nami nikamwonyesha wa kwetu. Kufikia wiki iliyofuata mpangaji wa tatu, binti aliyezaliwa mjini ambaye hakuwahi kushika chane, alikuwa amekaa kati yetu akisuka ukili mweupe mwembamba, na tulikuwa tumeshamjua mchumba wake, mshahara wake na dawa anazotumia mama yake. Mkeka wa kichanga ulikamilika. Baada ya hapo hatukuwa na sababu ya kukutana uani, lakini tulikutana.

Kwa hiyo anayeniuliza namna ya kuirudisha hamu, mimi humjibu hivi: usianze na mkeka mkubwa, wala usianze na mteja. Anza na kitu cha mtu unayemjua kwa jina. Msala wa baba mkwe, kikapu cha rafiki anayehamia nyumba mpya. Suka ukili mweupe kwanza mpaka mkono ukae sawa, rangi zije baadaye. Na usijifungie chumbani. Toka nje, hata kama ni kibarazani palipo na kelele za bodaboda.

Liko jambo jingine linalonikosesha raha, nalo ni mkindu wenyewe. Mabonde yanageuzwa mashamba, vinamasi vinafukiwa, na palipobaki miti wapo wanaokata moyo mzima kwa haraka ya kujaza mzigo. Shina lililokatwa moyo linakufa. Wazee walichukua kuti changa moja au mawili wakaliacha shina liendelee, na wakataji wa leo waambiwe hivyo hivyo na wanaonunua kwao, kwa maneno ya wazi, kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Nawe msomaji, ukifika sokoni Darajani au Kariakoo ukaona mkeka uliokupendeza, ugeuze uutazame chini, uliza umesukwa wapi, kisha usishushe bei kwa mazoea tu. Na kama nyumbani kwenu yuko mama, bibi au shangazi anayejua kusuka, mnunulie ukindu mwisho wa wiki hii, ukae naye mkekani, umwombe akuanzishie ukili.