Dramu ya Ngapi Hii?

Lori lililotoka Likoni limekalia magogo nje ya karakana moja hapa Lunga Lunga, halina magurudumu ya nyuma. Dereva anataka kuwa Horohoro kabla jua halijatua. Dramu yake ya breki inazunguka kwenye leti (wazee huiita kerezo) na fundi wala haitazami. Ameinamisha kichwa, anasikiza.

"Kimeanza kulia," anamwambia kijana wake. "Zima."

Kinacholia ni kisu: kipande cha kabaidi cha pembe tatu, kidogo kuliko kifuniko cha soda. Ukikigeuza juani unaona ubavuni mwa ncha mstari mwembamba unaong'aa, mahali palipolika. Viwandani, mstari huo ukifika milimita 0.3, kisu huhesabiwa kimekwisha. Huo ni unene wa karatasi tatu za daftari, kwa hiyo fundi hutegemea zaidi sikio, mtetemo wa mkono na mikwaruzo juu ya kazi. Akikereza ekseli, nyuzi za chuma humwambia jambo, maana joto likipanda hugeuka rangi mpaka samawati. Dramu haina siri ya kutoboa. Inamwaga unga mweusi tu.

Viwanda vikubwa vimeipa mashine sikio hilo. Vihisio hupima umeme unaonywewa na mota, nguvu ya kukata na mtetemo, kwani kisu butu husukuma zaidi kuliko kinavyokata. Lakini kujua kwamba kisu kimechoka sasa si sawa na kujua kimebakiza kazi ngapi. Makali mapya hulika haraka mwanzoni, kisha taratibu kwa muda mrefu, halafu huporomoka ghafla. Ukingoja mlio, mara nyingi uko kwenye poromoko tayari. Mgema hafanyi kosa hilo: kotama huinoa chini, si kileleni.

Mmarekani Frederick Taylor alilifanyia suala hili majaribio kwa miaka 26, akachapisha matokeo mwaka 1907 baada ya kugeuza zaidi ya tani 350 za chuma kuwa taka. Aligundua kwamba kinachoua makali hasa ni mwendo. Kwa kadirio la kawaida la kabaidi, ukiongeza mwendo kwa asilimia 20 umri wa kisu hupungua karibu nusu. Ukiuzidisha mara mbili, hubaki sehemu moja tu ya 16. Madereva wanaosema "harakisha, fundi" hawajui wanaomba nini.

Namuuliza fundi kisu hiki kilikuwa kimebakiza dramu ngapi. Anacheka. Kijana ndiye anayejibu, kwa kidole: ukutani, nyuma ya leti, kuna mistari ya chaki, safu moja kwa kila pembe ya kisu. Tisa. Kumi na moja. Tisa. Safu ya leo ina saba.

"Hizi zilikuwa na kutu," anasema.

Fundi analegeza skrubu, anageuza pembe mpya, anakaza. Kijana anaanza safu nyingine.

"Bado, fundi?" dereva anaita kutoka kivulini.