Pedi inayolenga kwa mkono: kihisi unacho tayari, wengi hatujakiwasha

Ukiingia kwenye vibanda vingi vya gemu hapa Mwanza, iwe Igoma, Kirumba au Nyegezi, utakuta pedi ya PS4 ambayo raba za analogi zimeisha, na vijana wawili wanacheza mpira. Ndani ya pedi hiyo kuna kihisi kinachojua ukiizungusha hata nyuzi chache tu. Gemu ya mpira haina kazi nacho, kwa hiyo mtu anaweza kuishika pedi hiyo miaka mitatu asijue kama kipo.

Hili linagusa mfuko wako. Kuna pedi za kujipangia mwenyewe zinazosifiwa sana kwa wachezaji wa gemu za kulenga. Mfano ni DualSense Edge ya PS5, iliyoanza kuuzwa Januari 2023 kwa karibu dola 200 Marekani. Ina batani mbili za ziada mgongoni, na analogi zake unaweza kuzichomoa na kuweka nyingine. Kabla hujaanza kudunduliza, tuangalie kwanza ni kitu gani hasa kinachosaidia kulenga.

Kidole gumba dhidi ya kiganja

Analogi inapokea amri ya kasi. Ukiisukuma kidogo, alama ya shabaha inatembea polepole. Ukiisukuma yote, inakimbia. Ili isimame pale unapotaka, lazima uiachie kwa wakati. Ni kama kumwelekeza bodaboda ukiwa umekaa nyuma: "nenda, nenda, hapo hapo!" Ukichelewa kidogo, nyumba mmeshaipita, mnageuza.

Mkono haufanyi hivyo. Ukigeuza pedi nyuzi 5, alama inageuka kwa kiasi kinacholingana na nyuzi hizo. Ukitulia, nayo inatulia. Hapo ni kama unaonyesha nyumba kwa kidole. Mausi ya kompyuta nayo hufanya kazi hivyo, na ndiyo maana wanaocheza kwa mausi huwasumbua wanaotumia analogi.

Ndani ya chipu kuna nini?

Kihisi hicho kinaitwa jairoskopu. Jina alilitoa Mfaransa Léon Foucault mwaka 1852, kwa kifaa chenye gurudumu linalozunguka. Kwenye pedi hakuna gurudumu. Kuna kipande kidogo sana cha silikoni kinachotikisika huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Ukiizungusha pedi, kipande hicho kinasukumwa pembeni kidogo. Msukumo huo ni kani ya Coriolis. Vibamba vidogo vya pembeni vinakaribiana au kuachana, uwezo wake wa kuhifadhi chaji ya umeme unabadilika, na chipu inapima badiliko hilo.

Kama umewahi kupita Kayabwe, Uganda, kwenye mstari wa ikweta, huenda ulionyeshwa maji yanayozunguka kwenye beseni na ukaambiwa ni kani hiyohiyo. Kwa beseni, hapana. Dunia inajizungusha nyuzi 15 tu kwa saa, polepole mno kuamua maji ya beseni yaelekee wapi. Kinachoamua ni jinsi yalivyomiminwa. Lakini mkono wako unaweza kuzunguka nyuzi 90 kwa sekunde moja bila shida. Kwa saa hizo ni nyuzi 324,000, yaani mara 21,600 ya kasi ya Dunia. Ndiyo maana chipu ndogo vile inauhisi mkono wako vizuri.

Mbona alama inatambaa yenyewe?

Jairoskopu haisemi umeelekea wapi. Inasema unazunguka kwa kasi gani. Programu ndiyo inayojumlisha kasi hizo ili kujua umegeuka kiasi gani, na hapo ndipo makosa madogo yanapokua. Tuseme pedi imelala mezani kimya, lakini kihisi kinasoma nyuzi 0.5 kwa sekunde. Baada ya dakika moja tu, hesabu imeshapotoka nyuzi 30.

Kihisi cha pili, akselerometa, kinahisi mvuto wa Dunia, kwa hiyo kinajua chini ni wapi na kinasaidia kurekebisha pedi iliyoinama. Lakini kwa kushoto na kulia hakina msaada, kwa sababu mvuto ni uleule hata ukigeukia upande gani. Basi mtambao mwingi utauona ukienda pembeni. Dawa yake ni kuweka pedi mezani, kuiacha itulie, kisha kuisawazisha kwenye setingi. Rudia pedi ikishapata joto, maana joto nalo hubadilisha usomaji.

Wanaocheza PUBG Mobile wanaweza kuyaona haya kwenye simu, kama simu yao ina jairoskopu. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Ukiiwasha ndani ya kivuko cha kwenda Ukerewe, chombo kikiyumba, alama inayumba nacho. Kwenye daladala, kona moja tu inatosha kukuharibia shabaha. Kihisi hakijui kutofautisha mkono wako na chombo kilichokubeba.

Tulivyoijaribu

Sisi tulichukua pedi ya PS4 ya mtumba, tukaiunganisha na kompyuta kupitia Steam, ambayo tangu mwishoni mwa 2016 inakuruhusu kuipangia pedi hiyo kila kitu. Siku za mwanzo ni vurugu: kidole gumba kinataka kufanya kazi yake ya zamani, na kiganja nacho kinaingilia. Kufika siku ya nne au ya tano, mikono ilikuwa imeshagawana kazi. Mpangilio uliotufaa ni huu:

- Jairoskopu iwake tu ukiwa umeshika L2, yaani unapolenga. Ukitembea, izimike.
- Analogi igeuze mwili mzima. Mkono umalizie nyuzi chache za mwisho.
- Weka batani moja ya kuizima kwa muda. Mkono ukishapinda sana, ishikilie, rudisha pedi katikati, achia. Ni sawa na kunyanyua mausi inapofika ukingo wa meza.
- Weka viwiko mapajani. Bila hivyo mabega yanachoka haraka.

Mwenye kidole gumba kinachouma anaweza kupata nafuu kubwa hapa. Mwenye mikono inayotetemeka anaweza kuona ugumu zaidi. Anaweza kuweka kizingiti ili mitetemo midogo ipuuzwe, ila atapoteza ulengaji wa vitu vidogo.

Kabla hujatoa hela

Kulenga kwa mkono kupo kwenye pedi ya kawaida ya PS4 na ya PS5. Pesa ya ziada ya Edge inakununulia batani za nyuma, ili uruke bila kuondoa kidole kwenye analogi, pamoja na analogi za kubadilisha zikichoka. Hivyo ni vitu vizuri, lakini jairoskopu si sababu ya kuinunua. Pedi za Xbox One na Xbox Series zenyewe hazina jairoskopu kabisa. Na kwa pedi za kuiga zinazouzwa mitaani, omba kuijaribu kwanza: ifungue kwenye setingi za Steam, izungushe, uone kama kuna kinachosogea.

Halafu angalia gemu unayocheza. Kwenye kompyuta, Steam inaweza kuugeuza mwendo wa pedi uonekane kama wa mausi, kwa hiyo gemu nyingi zitaukubali. Kwenye PS4 na PS5 lazima gemu yenyewe iwe na setingi hiyo. Fortnite ilipata ya kwake mwaka 2022. Kama unachocheza ni mpira tu, pedi uliyonayo inakutosha. Hela hiyo nunulia raba mpya za analogi.