Haloo: Ukemi wa Wawindaji Ulioingia Kwenye Simu

Simu ikiita, awe Mombasa, Mwanza au Kigoma, mpokeaji huanza na neno moja: haloo. Hulitamka kwa mazoea, kana kwamba lilikuwapo tangu dunia iumbwe. Kumbe hata kwa Waingereza, ambao lugha yao ndiyo iliyolieneza, halikuwa salamu. Lilikuwa ukemi.

Kwa karne nyingi Kiingereza kilikuwa na ukoo mzima wa maneno ya kuitia watu walio mbali: holla, hollo, halloo. Mwindaji aliwachochea mbwa wake kwa halloo. Hello yenye tahajia ya leo ilianza kuonekana kwenye magazeti ya Marekani katika miaka ya 1820, na kazi yake ilikuwa kumshtua mtu asikilize, au kuonyesha mshangao kama wa msemaji wa Kiswahili anaposema "Ala!" Maana hiyo ya pili haijafa. Mwingereza akikuta mlango wake u wazi ilhali aliufunga, huweza kutamka hello akiwa peke yake, na hapo hamsalimii mtu.

Kilicholigeuza neno hili ni mashine. Machi 7, 1876, Alexander Graham Bell alipewa hataza ya simu nchini Marekani, na punde likazuka swali ambalo leo linachekesha: mtu akishika chombo hicho, aanzeje? Simu za mwanzo zilikodishwa mbili mbili, pengine moja dukani na nyenzake nyumbani, zikaunganishwa kwa waya uliokaa wazi muda wote. Kengele hazikuwapo. Aliyetaka kuzungumza hakuwa na njia ila kupaza sauti mpaka wa upande wa pili asikie.

Bell alipendekeza ahoy, ukemi wa mabaharia wa kuitana chombo kwa chombo. Mpinzani wake, Thomas Edison, hakuafiki. Agosti 1877 alimwandikia barua mkuu wa kampuni moja ya simu za maandishi huko Pittsburgh, akimwambia kuwa kengele haihitajiki, kwani hello husikika umbali wa futi 10 hadi 20. Hoja yake nzima ilikuwa hiyo tu: sauti kufika. Adabu haikuwamo.

Edison akashinda. Januari 1878 kituo cha kuunganishia simu za wateja kilifunguliwa New Haven, Connecticut, na kitabu chake cha simu cha mwaka huohuo kiliwaelekeza wateja waanze mazungumzo kwa hulloa, ndugu wa karibu wa hello. Kiliwaonya pia wasizidishe dakika 3, sharti ambalo wapenda umbea wa siku hizi wasingelimudu. Wanawake waliounganisha simu vituoni wakaja kuitwa "wasichana wa hello". Katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Marekani lilipeleka Ufaransa zaidi ya 200 kati yao, wanaojua Kifaransa, wakaendeshe simu za jeshi. Walirudi makwao wakaambiwa hawakuwa wanajeshi. Haki ya kutambuliwa kuwa wanajeshi waliipata mwaka 1977, wakati wengi wao walikwisha kufariki.

Bell naye hakulikubali neno la mpinzani wake. Na si yeye pekee: Waitaliano hupokea simu kwa pronto, yaani tayari, na Wajapani kwa moshi moshi.

Kiswahili kililipokea, lakini kwa masharti. Kijana hawezi kumkuta bibi yake barazani akamwambia haloo. Ataonekana hana malezi. Hata simuni neno hilo hubisha hodi tu, kisha salamu yenyewe hufuata: "Haloo, shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, hamjambo huko?" Mtandao ukikatakata ndipo hurudi kwa nguvu: "Haloo? Haloo! Unanisikia?" Kwenye harusi, fundi mitambo hugongagonga kipaza sauti kwa kidole na kuita, "Haloo, haloo, moja mbili, moja mbili," huku ukumbi ukiwa bado na viti vitupu.

Katika yote hayo hakuna anayeamkiwa kwa haloo. Mtu anataka kujua kama sauti imefika, jambo lilelile alilokuwa akilipima Edison kwa futi. Waingereza wamelifanya salamu ya kila kona ya mtaa. Kiswahili ndicho kilichobaki karibu zaidi na kazi yake ya kale.